Ubongo Uliokataa Kuoza

"Ng'ombe wenu hakula sumu," alisema Dakta Christabel Nyatichi.

Hata kiti hakumkaribisha. Alimsimamisha Inspekta Janeffer Mongina mbele ya skrini, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu mstari mwembamba uliokuwa ukitambaa chini, ukipanda ghafla, ukishuka, kisha ukitambaa tena.

Mongina aliutazama ule mstari bila kuuelewa. Koti lake lilikuwa bado linachuruzika maji. Alikuwa ametoka Konoin mapema, akapita mashamba ya chai yaliyofunikwa na ukungu hadi maabara hii ya chuo, nje kidogo ya mji wa Kericho, na njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kumwambia hakimu. Sasa maneno yale yote hayakuwa na kazi.

"Una hakika, daktari?"

"Nimepima mara tatu."

Kesi yenyewe ilikuwa imesimama juu ya mguu huo mmoja. Phelix Owiti, mtunza stoo wa shamba la chai la Lelkoros, alikuwa ameopolewa kutoka kwenye bwawa la kampuni. Meneja alisema mtu huyo alilewa akateleza. Mkewe, Eucabeth, aliapa kwamba mumewe hakuwahi kuonja pombe tangu aokoke, na kanisa zima likasimama kumuunga mkono. Siku chache kabla ya kufa, Phelix alikuwa amevuka ua na kumwambia jirani yake, mzee Johana wa Boito, asinyweshe ng'ombe mtoni, kwa maana wakubwa walikuwa wameagiza dawa ya wadudu iliyopigwa marufuku itolewe stoo na kumwagwa huko. Mzee alikuwa ameshanywesha. Ng'ombe wake wawili walitokwa na mate, wakatetemeka, wakaanguka. Wiki haikuisha kabla Phelix naye hajawa ndani ya maji.

Kama ng'ombe walikufa kwa dawa ile, basi Phelix alisema kweli, na kulikuwa na mtu aliyekuwa na sababu ya kumnyamazisha. Bila sumu, kilichobaki ni mlevi na bwawa.

Maji ya mto yalikuwa yamekwenda zake. Mvua ilikuwa imeosha nyasi za kando. Mizoga ilikuwa imefukiwa. Ubongo ulisalia kwa bahati tu: Benard, daktari wa mifugo wa wadi, alipoona yale mate alishuku kichaa cha mbwa, akakata kichwa cha ng'ombe mmoja ili kipimwe. Haikuwa kichaa. Kipande cha ubongo kilichobaki ndicho Mongina alichokiomba, akakitafutia mtu wa kukipima.

"Nieleze kama mtu ambaye hajui," alisema. "Umepimaje?"

Dakta Christabel alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kupima bongo za panya waliolishwa viini vya majani chai, kuona kama kweli vinatuliza akili. Alimpeleka Mongina kwenye mashine iliyopangwa kama makabati madogo, moja juu ya jingine, na mirija myembamba ikipita kati yake.

"Seli za ubongo zinaongea kwa kemikali," alisema. "Mimi napima hizo kemikali. Nasaga kipande kwenye asidi, nakizungusha kwa kasi mpaka uchafu ukae chini, nachukua maji ya juu. Hayo maji yanasukumwa kwa nguvu ndani ya huu mrija wa chuma. Mrija umejaa unga mwembamba sana. Kila kemikali inapenya ule unga kwa mwendo wake. Ingine inatoka haraka, ingine inachelewa. Ikitoka, mashine inachora kilima. Kilima kikiwa kirefu, kemikali ni nyingi."

"Na sumu ingechora kilima gani?"

"Sumu yenyewe sikuitafuta, hiyo hupotea. Nilitafuta alama yake. Dawa mnayoshuku inaziba kimeng'enya cha kuvunja asetilikolini, moja ya hizo kemikali. Ikizibwa hivyo, asetilikolini inajaa. Mnyama anatoa mate, anatetemeka, pumzi inakata. Akifa, ile kemikali inabaki kwa ubongo, maana hakuna cha kuivunja." Akagonga skrini mahali palipokuwa tambarare. "Ingekuwa hapa. Unaona? Hakuna kitu. Kimeng'enya nacho nilikipima kando. Kinafanya kazi."

"Labda imeoza. Imekaa siku nyingi."

"Hapana. Tishu ni nzuri. Ona dopamini hii, kemikali nyingine ya ubongo." Kalamu ilipanda kilima kirefu kuliko vyote. "Na serotonini hii hapa. Safi kabisa. Sijawahi kupata sampuli nzuri hivi kutoka kwa ng'ombe. Hata panya wangu wengine hawafikii. Huyu alichinjwa na kugandishwa palepale."

Mongina alikuwa ameanza kufunga vifungo vya koti. Mikono yake ikasimama.

"Palepale, yaani?"

"Yaani mara tu baada ya kufa. Ikichelewa, dopamini inaanza kuvunjika. Mabaki yake yanachora vilima vyao pembeni. Hapa mabaki ni kidogo sana."

"Daktari," Mongina alisema polepole, "huyo ng'ombe alianguka jioni. Alilala nje kwa mzee Johana usiku kucha akinyeshewa. Asubuhi jua likamchoma. Daktari wa mifugo alifika mchana, tumbo likiwa limefura. Nilikuwa hapo. Nilifunga pua na leso."

Christabel alivua miwani, ikaning'inia kifuani. Alikwenda kwenye friza, akatoa kichupa kidogo cha maji yale yale ya sampuli, akachukua kingine chenye dopamini ya kiwandani ambayo alijua kipimo chake, akavipanga kwenye mashine na kubonyeza. Pampu ikaanza kuvuma. Walikaa wakiutazama mstari ukijichora, huku mvua ikipiga paa la mabati la banda la jenereta lililokuwa nje ya dirisha.

Kilima kilipanda pale pale kilipopanda mwanzo, kirefu vilevile.

"Huu ubongo haukulala nje," Christabel alisema hatimaye. "Haukulala hata kidogo."

"Uliletwa ndani ya nini?"

Christabel alitoa mkebe mweupe wa plastiki wenye kifuniko cha kusokota, umefungwa kwa utepe wa karatasi. Juu yake paliandikwa jina la Boito na neno NG'OMBE kwa kalamu nyeusi. Mongina hakuugusa. Aliupiga picha pande zote kwa simu, akatoka hadi chini ya upenu, akampigia Benard.

"Daktari, habari ya kazi."

"Nzuri, madam. Niko Mogogosiek, kuna ng'ombe imeshindwa kuzaa."

"Swali moja tu. Siku ile ya kichwa, kipande nilichokuomba ulikiweka kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Chombo gani."

"Aa. Chupa. Ile ya asali, ya kioo. Sikuwa na kitu ingine kwa gari. Niliiosha kwanza, madam, usiseme niliweka chafu."

"Ya kioo."

"Ya kioo. Kifuniko ya njano. Kwani kuna shida?"

"Hakuna," alisema Mongina. "Kaa hivyo hivyo. Nitakuja uandikishe taarifa."

* * *

Koplo Kipkemoi alikuwa nyuma ya kituo akiosha magurudumu ya lendirova. Alikuwa mtu mzima, karibu astaafu, na shamba lake la chai lilipakana na lile la Lelkoros. Alipomwona Mongina akija bila kupitia ofisini, alifunga mfereji.

"Kipkemoi, nilikuachia kiboksi cha barafu, kile Benard alichokifunga na ubongo ndani, siku nilipoitwa kortini Sotik."

"Ndiyo, afande."

"Ulikipeleka Kericho?"

"Kilifika."

"Sijauliza kama kilifika. Nimeuliza kama ulikipeleka wewe."

Alifuta mikono kwenye suruali. "Gari haikuwa na mafuta, afande. OCS akasema niache kwake. Akasema kuna gari ya kampuni inaenda Kericho, itabeba."

"Kampuni gani?"

Kipkemoi aliangalia upande wa mlimani, ambako majani chai yalishuka kwa mistari hadi kwenye ua wa kituo.

"Sema."

"Ya Lelkoros. Dereva alikuja kuchukua. Nilimwona na macho yangu."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini, afande? Mkubwa amesema weka, nimeweka. Wewe ungefanya tofauti?"

Mongina alimwambia asimweleze mtu yeyote, naye Kipkemoi akaitikia upesi mno, kisha akafungua tena mfereji.

Mongina alijifungia kwenye gari lake na kuyapanga mambo. Chupa ya kioo iliondoka Boito, na mkebe wa plastiki ukafika Kericho. Kati ya hapo, ukimtoa Kipkemoi, kulikuwa na watu wawili tu: mkuu wa kituo, na dereva wa kampuni inayoshukiwa. Aliyebadilisha alikuwa mjanja. Angetupa kiboksi njiani, maswali yangezuka. Badala yake alikwenda kwa mchinjaji, akanunua ubongo mbichi wa ng'ombe mzima, akautia kwenye barafu ungali moto, akautuma kwa heshima zote. Kosa lake lilikuwa kuuhifadhi vizuri kupita kiasi. Hakujua kwamba kuna mashine inayoweza kutofautisha ng'ombe aliyekufa machinjioni na ng'ombe aliyelala nje akafura.

Alishuka garini na kupiga hatua za haraka kwenda ofisini, akiwa na hakika kwamba sasa ameshika kitu.

* * *

OCS Chepyegon, mkuu wa kituo, alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumkatiza hata mara moja. Alikuwa na kikombe cha chai ya maziwa mbele yake, akawa anaondoa utando wa juu kwa kijiko na kuuweka pembeni ya sahani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, bwana."

"Nikuulize basi. Hiyo chupa ya kioo iko wapi?"

"Hilo ndilo swali langu kwako."

"Mimi nilipokea kiboksi kimefungwa. Sikukifungua, mimi si daktari. Nilikitafutia usafiri kwa sababu serikali haijatupa mafuta. Hiyo ni kosa?" Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Nani ameona chupa?"

"Benard."

"Mpigie. Weka sauti tusikie wote."

Mongina alimpigia. Simu iliita kwa muda mrefu kuliko asubuhi.

"Daktari, ni Inspekta Mongina. Niko na OCS. Hebu rudia ulichoniambia kuhusu chombo."

Upande wa pili ng'ombe alilia.

"Madam, unajua siku hiyo kulikuwa na mambo mengi," Benard alisema. "Mvua pia. Inaweza kuwa ilikuwa chupa, inaweza kuwa ilikuwa mkebe. Mimi natumia vitu mingi."

"Asubuhi ulisema kifuniko cha njano."

"Ya njano niko nazo nyingi nyumbani. Labda nilichanganya. Samahani sana, madam." Akapumua. "Niko na watoto, madam. Samahani."

Simu ikakatika. Chepyegon alikoroga chai.

"Ni nani amemfikia?" Mongina aliuliza.

"Amefikiwa na kumbukumbu yake. Inspekta, wewe ndiye uliyeomba kipimo. Mimi nilikukataza? Sikukukataza. Daktari wako msomi amepima, mara tatu, na amesema ng'ombe hakuwa na sumu. Hiyo ndiyo ripoti. Itakaa ndani ya faili, na wakili wa kampuni ataisoma kwa sauti mbele ya hakimu. Sasa unataka nimwambie hakimu kwamba ushahidi wetu wenyewe ni wa uongo kwa sababu ni mbichi?"

Mpaka hapo Mongina hakuwa ameona kwamba mlango alioufungua mwenyewe ndio uliomfungia ndani. Kama asingepeleka chochote maabara, angebaki na shaka, na shaka ingemtosha kuendelea kuuliza maswali. Sasa kulikuwa na jibu, lenye muhuri wa chuo.

"Lete faili," Chepyegon alisema. "Umechoka. Kuna wezi wa ng'ombe kule mpakani wanakusubiri."

Alipotoka, Kipkemoi alikuwa kwenye korido. Alisogea ukutani kumpisha, na macho yake hayakuinuka kutoka sakafuni.

Mongina alimpigia Christabel akiwa amesimama kando ya bendera.

"Nitaandika kwamba tishu ilikuwa mbichi," alisema daktari. "Hilo siogopi. Lakini wakili akiniuliza ni ng'ombe gani, sijui. Akiniuliza kama nimewahi kupima ng'ombe aliyelala nje Boito kwa mvua, sijawahi. Atasema labda kulikuwa na baridi. Nitasema siamini. Atasema sijauliza imani yako."

"Tukifukua mizoga?"

"Ubongo? Saa hizi ni uji, Inspekta. Nikiupitisha kwa mashine sitaona kilima hata kimoja. Na ng'ombe ambaye hana kilima hata kimoja hawezi kusema kama alilishwa sumu au alipigwa na radi. Pole. Ningekuwa na kile kipande cha kwanza, hata kama kimeoza nusu, ningejaribu."

"Kichwa chenyewe?"

"Muulize daktari wa mifugo."

Hakuwa na haja ya kumuuliza. Alikuwepo Benard alipokichoma kwa mafuta ya taa na kukifukia kwa chokaa, kama wanavyofanya wakishuku kichaa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshika kiberiti.

* * *

Nyumba za wafanyakazi wa Lelkoros zilipangwa mstari mmoja, kuta nyeupe, milango ya kijani. Mbele ya nyumba ya Phelix palikuwa na pikapu, na juu yake kitanda kilichofunguliwa, godoro, mtungi wa gesi na kabati la vyombo lililofungwa kwa shuka. Nyumba ni ya mfanyakazi, na mfanyakazi alikuwa amekufa. Kampuni ilikuwa imeihitaji.

Mzee Johana alikuwa amekuja na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha ya nyumbani kwake, yaliyokamuliwa kutoka kwa ng'ombe mmoja aliyebaki. Alikuwa akimsihi Eucabeth akibebe.

"Ya njia, mama. Watoto watakunywa wakifika Ahero."

"Mzee, hata wewe umebaki na ng'ombe moja."

"Beba. Nitasema nini kwa Mungu? Bwana yako alikuja kuniambia mambo ya mto, na mimi nilimjibu vibaya. Nilimwambia awache kunifundisha ng'ombe."

Eucabeth alikipokea kwa mikono miwili, akakikabidhi kwa binti yake aliyekuwa ameketi mbele ya gari. Kisha akamwona Mongina, akaja akijifuta kwa kanga.

"Karibu, afande. Sina hata kiti, zimefungwa zote."

"Nimesimama tu, Mama Jairus."

"Majibu yalitoka?"

"Yalitoka."

Alimwambia yote, kwa sauti ya chini, wakiwa wamesimama kati ya pikapu na ukuta. Alimwambia habari za mstari na vilima, mkebe na chupa, na Benard aliyesahau. Eucabeth alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anavyosikiliza mtu aliyekaa mbali na mhubiri. Dereva alipiga honi mara moja. Mzee Johana akamwendea na kumnyamazisha.

"Kwa hivyo walibadilisha," Eucabeth alisema.

"Walibadilisha."

"Na unajua ni nani."

"Najua."

"Na huyo daktari wa Kericho anajua."

"Anajua."

"Na hakuna kitu mtafanya."

Chini bondeni wachumaji walikuwa wakiendelea na kazi, vikapu mgongoni, na mto haukuonekana kwa sababu ya miti ya kampuni. Mongina alijaribu kutafuta sentensi yenye neno *lakini* ndani yake. Hakuipata.

"Kwa sasa, hapana," alisema.

Eucabeth aliitikia kwa kichwa. Hakulia. Labda alikuwa amemaliza, au labda alikuwa akiweka machozi kwa ajili ya siku ya kuwaonyesha kaburi ndugu ambao hawakufika mazishini.

"Basi nikuombe kitu kidogo, afande. Wakubwa sitawaweza. Lakini kwa hiyo karatasi yenu wameandika Phelix alikuwa amelewa. Jairus ako Kidato cha Pili, siku moja atataka kuisoma. Toa hilo neno moja tu. Andika alikufa kwa maji, hata usiseme ni nani. Lakini usiseme alilewa. Hilo unaweza?"

Faili ilikuwa tayari ndani ya kabati la chuma la Chepyegon. Mongina alikuwa amesimama pale akimwona akizungusha ufunguo na kuutia mfukoni. Neno moja lilikuwa limeshaandikwa juu ya jalada kwa wino mwekundu: *Limefungwa*.

"Naweza," alisema.

"Utaandika?"

"Nitaandika, Mama Jairus."

Eucabeth alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaushikilia kwa muda, akamshukuru kwa Kiluo na kwa Kiswahili. Kisha akapanda mbele karibu na binti yake, akapakata kibuyu. Mzee Johana alifunga mlango wa nyuma na kuupiga kofi mara mbili.

Pikapu iliteremka taratibu kwenye barabara ya murram, ikipita kati ya vichaka vya chai vilivyokatwa sawasawa. Eucabeth alitoa mkono dirishani na kupunga. Mongina alipunga pia, akaendelea kupunga hata gari lilipokwisha kukata kona.